Mgeni Asiye na Jina: Hadithi za Giza kutoka Kasri hadi Kompyuta



Sisi tunaoishi Uingereza tunaijua vizuri miezi ya Novemba na Desemba. Saa kumi za jioni giza limekwisha kuingia, manyunyu hayakatiki, na watoto wakitoka shule hawana pa kwenda ila sebuleni. Kwetu, giza lilipoingia ndipo hadithi zilipoanza. Hapa, giza likiingia ndipo kompyuta zinapowashwa. Na katika michezo wanayoicheza vijana wetu ipo aina moja ambayo wazazi wengi huiangalia kwa jicho la pembeni: michezo ya hadithi za kutisha, yenye makasri, makaburi, popo, mishumaa na watu waliovaa nguo nyeusi kama wafiwa. Wenyewe huiita gothiki.

Baadhi yetu tuliamua kukaa kitako na vijana hao, tukaicheza kwa mara ya kwanza, wengine tukiwa na mvi na miwani ya kusomea. Kwa kuwa kila kitu kina asili yake, tulitaka kwanza kujua mambo haya yametoka wapi. Tulipoifuata historia tuliona kwamba tangu mwanzo hadithi ya gothiki ina mtu mmoja ndani yake ambaye sisi tunamfahamu pengine kuliko wanavyomfahamu Waingereza wenyewe. Mtu huyo ni mgeni: ametoka mbali, ukoo wake haujulikani, anajifunza lugha ya watu, na anasubiri mlangoni aambiwe karibu. Basi na tuanze mwanzo.

Deni la babu

Wagothi walikuwa makabila ya Kijerumani, na kundi lao moja liliuteka mji wa Roma mwaka 410. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, wasomi wa Italia walilichukua jina hilo wakalifanya tusi. Majengo ya Zama za Kati, yenye minara mirefu na matao yaliyochongoka, waliyaita ya Kigothi, yaani kazi ya washenzi wa kaskazini. Aliyewahi kuingia Westminster Abbey hapa London ameyaona majengo ya namna hiyo. Kwa hiyo neno lenyewe, hata kabla halijaingia katika fasihi, lilikuwa neno la kumsema mgeni.

Aliyeliingiza katika hadithi ni Horace Walpole, mwana wa Robert Walpole anayehesabiwa kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza. Bwana huyu alinunua nyumba huko Twickenham, magharibi mwa London, akaigeuza kidogo kidogo ikawa kasri dogo la kuiga mambo ya kale. Usiku mmoja wa Juni 1764 aliota ameona mkono mkubwa ajabu, uliovaa chuma cha vita, juu kabisa ya ngazi za kasri. Alipoamka akaanza kuandika. Desemba mwaka huo huo kilitoka kitabu chake, The Castle of Otranto, lakini jina lake halikuwamo. Alidai ni tafsiri ya maandishi ya Kitaliano yaliyopatikana katika maktaba ya familia moja ya zamani ya Kikatoliki. Kitabu kilipopendwa, katika chapa ya pili ya 1765 akajitokeza, na akakipa kitabu maneno ya ziada yaliyoipa fasihi hii jina lake: hadithi ya gothiki.

Kisa chenyewe ni hiki. Siku ya harusi ya kijana Conrad, kofia ya chuma kubwa kupita kiasi inaanguka na kumponda bwana harusi. Baba yake, Manfred, mtawala wa kasri, anahangaika huku na huku kuuokoa ukoo wake, na kila anachokishika kinazidi kuharibika. Mwishowe siri inafichuka: babu yake Manfred alimtilia sumu mwenye kasri wa haki, akajitwalia mali isiyo yake. Wajukuu ndio wanaolipa.

Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi. Mali ya dhuluma haidumu, tuliambiwa tangu utotoni. Walpole aliipa dhuluma hiyo mwili na mahali: mkono, kofia, ngazi, njia ya chini ya ardhi, mlango uliofungwa. Tangu hapo, kila hadithi ya gothiki ina nyumba yenye chumba ambacho hakifunguliwi, na ndani ya chumba hicho kuna jambo walilolifanya au kufanyiwa wazee. Tuliweke hilo akilini, maana tutalirudia.

Mashindano ya kando ya ziwa

Aprili 1815, mlima Tambora katika kisiwa cha Sumbawa, Indonesia ya leo, ulilipuka. Majivu na gesi zilipanda juu sana, zikatanda duniani na kupunguza nguvu ya jua. Mwaka uliofuata, 1816, sehemu kubwa ya Ulaya haikuonja majira ya joto. Mvua na baridi viliharibu mazao, na njaa ikaingia katika nchi nyingi.

Mwaka huo vijana watano kutoka Uingereza walikuwa Uswisi, kando ya Ziwa Geneva. Mshairi Byron, aliyekuwa amekimbia kashfa kwao na ambaye hakurudi tena akiwa hai, alipanga jumba liitwalo Villa Diodati. Alikuwa na daktari wake, John Polidori, kijana wa miaka 20. Jirani yao alikaa mshairi Percy Shelley pamoja na Mary Godwin, binti wa miaka 18 ambaye baadaye mwaka huo huo aliolewa naye akawa Mary Shelley, na Claire Clairmont, dada wa kambo wa Mary. Mvua ikawafungia ndani. Walisoma kitabu cha hadithi za mizimu za Kijerumani zilizotafsiriwa kwa Kifaransa, kisha Byron akatoa shauri: kila mmoja wetu atunge hadithi yake ya kutisha.

Tunataka msomaji aone kwamba hapo palikuwa na mchezo, tena wenye kanuni na zamu. Mary mwenyewe alieleza baadaye kuwa kila asubuhi aliulizwa kama amepata hadithi, na kila asubuhi alilazimika kujibu kwamba bado. Nani kati yetu hajawahi kukaa katika duara la vitendawili akashindwa kutegua, akaambiwa atoe mji? Haya ya kukosa jibu mbele ya wenzako ndiyo iliyomsukuma Mary, mpaka usiku mmoja, akiwa macho kitandani, akamwona katika mawazo mwanafunzi aliyepiga magoti kando ya kitu alichokiunda kwa mikono yake, na kitu hicho kikaanza kutikisika.

Matunda ya mchezo ule ni mawili. Polidori alitunga The Vampyre, kilichotoka 1819, na kwa hila kikauzwa kwa jina la Byron. Mary alitunga Frankenstein, kilichotoka 1 Januari 1818 bila jina la mwandishi, nakala 500 tu.

Fasihi yetu nayo inalo tunda la mashindano. Shindano la kuandika hadithi la East African Literature Bureau, mwaka 1957 hadi 1958, ndilo lililomtoa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, na kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapwa 1960. Humo nako maiti inakutwa mahali penye kuogopwa, watu wananong'ona, na Bwana Msa na kiko chake anatafuta ukweli ulioko nyuma ya hofu. Waliokisoma shuleni wataungama kwamba walipoanza michezo hii ya giza hawakuwa wageni kabisa.

Nyuma ya ukuta

Watu wengi wanalijua jina la Frankenstein bila kukisoma kitabu, na wengi hudhani ndilo jina la zimwi. Sivyo. Frankenstein ni yule mwanafunzi, Victor. Aliyeundwa hakupewa jina. Victor alipomwona amefumbua macho aliogopa sura yake akakimbia, akamwacha peke yake duniani, mtu mzima kwa mwili na mtoto mchanga kwa akili.

Kilichotugusa zaidi ni sehemu ya katikati, ambayo senema nyingi huipitia mbio. Kiumbe yule anafukuzwa kijijini kwa mawe. Anajificha katika kibanda kidogo kilichoegemea nyumba ya watu wa jamii ya De Lacey. Katika ukuta kuna ufa, na kwa ufa huo anawatazama mwaka mzima karibu. Watu hao ni Wafaransa waliofilisiwa na kufukuzwa kwao, na sasa wanaishi uhamishoni Ujerumani: baba mzee kipofu, kijana Felix na dada yake Agatha. Kisha anawafikia binti aitwaye Safie, ambaye baba yake ni Mturuki na mama yake alikuwa Mwarabu wa Kikristo. Safie hakijui Kifaransa. Felix anaanza kumfundisha, neno baada ya neno, kwa kumsomea kitabu cha historia. Na nyuma ya ukuta, bila mtu kujua, yuko mwanafunzi wa pili.

Kiumbe anajifunza upesi kuliko Safie. Anajifunza maneno ya moto, mkate, kuni. Anajifunza majina ya watu. Anajifunza kwamba kuna baba na mwana, kaka na dada, na kwamba yeye hana hata mmoja. Wanapofika katika habari za wenyeji wa Amerika na yaliyowapata, analia pamoja na Safie. Usiku anawakatia kuni na kuziweka mlangoni, nao wanashangaa ni nani huyu mwema asiyeonekana.

Siku moja anapiga moyo konde. Anasubiri vijana watoke, anabisha hodi kwa mzee kipofu. Mzee anamkaribisha aketi kando ya moto. Kwa kuwa anamsikia bila kumwona, na lugha anayoisikia ni ya kwao, anamdhani ni mwenzao wa nchi moja. Kwa dakika chache mgeni yule ni mtu. Kisha mlango unafunguliwa, wenye macho wanaingia, na Felix anampiga kwa fimbo.

Msomaji uliyeko ugenini, huhitaji mwalimu wa fasihi akufafanulie mahali hapo. Wengi wetu tulikisikia Kiingereza cha kweli kwa mara ya kwanza tukiwa upande wa pili wa ukuta: jikoni mwa hoteli, kwenye foleni, ndani ya basi, kwenye televisheni ya jirani. Na nani kati yetu hajawahi kusikia Kiswahili ghafla katikati ya umati wa watu London au Muscat, akageuka mbio kumtafuta msemaji kabla hata ya kumwona sura?

Ulimi ulionyang'anywa

Yaliyompata kiumbe yule baada ya kitabu yanasikitisha kuliko yaliyomo kitabuni. Julai 1823 Frankenstein kilichezwa jukwaani London, katika ukumbi wa English Opera House uliojulikana pia kwa jina la Lyceum. Katika tangazo la wachezaji, mahali pa jina la kiumbe paliachwa mstari mtupu. Mary Shelley alikwenda kutazama, na mstari ule ulimpendeza. Lakini jukwaani kiumbe hakusema. Alinguruma, akapiga mikono, akavunja vitu. Senema ya Marekani ya 1931, ambayo Boris Karloff alimwigiza, ilifuata njia hiyo hiyo, na sura ile yenye paji la uso la mraba ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu.

Tazama basi jinsi mambo yalivyogeuzwa. Mwandishi alimpa mgeni lugha nzuri, hoja, na hata vitabu vya kusoma. Jukwaa na senema vikamnyang'anya ulimi, vikamwachia ubavu na vitisho. Mgeni asiyesema ni rahisi kumwogopa.

Mwaka 1897 alikuja mgeni mwingine. Dracula ni kitabu cha Bram Stoker, aliyezaliwa Dublin, Ireland, akahamia London mwaka 1878 kusimamia ukumbi wa Lyceum uliojengwa upya baada ya ule wa zamani kuungua. Stoker naye alikuwa mtu wa kuja. Dracula wake, bwana mkubwa wa Transylvania, ana makabati ya vitabu vya Kiingereza na anamwomba mgeni wake Mwingereza amsahihishe matamshi. Anaeleza kwamba kwao kila mtu anamjua, lakini London asingependa watu wasimame kumshangaa kila afunguapo kinywa. Na anaposafiri kwa meli kwenda Uingereza anachukua masanduku 50 ya udongo wa kwao, kwa sababu hawezi kupumzika ila juu ya udongo huo. Waingereza wa wakati ule walitetemeka kwa kumwaza mtu wa mbali atakayechanganyika nao wasimtambue. Sisi tulipofika kwenye masanduku ya udongo tulitazamana tukacheka, tukiikumbuka mizigo yetu wenyewe ya viungo, dagaa na kanga.

Kutoka kitabu hadi mchezo

Hadithi ya kuchezwa kwa kompyuta ilizaliwa Marekani. Mwaka 1976 hivi, Will Crowther, mtaalamu wa kompyuta aliyependa kutembea mapangoni, alitunga mchezo wa maneno matupu kuhusu pango la Kentucky alilolijua. Alikuwa ametengana na mkewe, na alisema aliutunga ili awe na kitu cha kucheza na binti zake. Mchezaji aliandika amri fupi, kompyuta ikamjibu kwa maelezo ya alichokiona. Don Woods aliuongezea mwaka 1977 ukaenea vyuoni. Mwaka 1980 Roberta na Ken Williams walitoa Mystery House, wenye michoro ya mistari tu: jumba, wageni saba, na muuaji. Gothiki ilikuwa imepata nyumba mpya.

Yaliyofuata ni marefu, tutayapita. Tutaje michezo miwili tuliyoicheza.

Wa kwanza ni Fallen London, uliotolewa mwaka 2009 kwa jina la Echo Bazaar na kampuni ndogo ya hapa hapa London, Failbetter Games, ya Alexis Kennedy na Paul Arendt. Karibu wote ni maandishi, na picha zake ni ndogo ndogo. Hadithi inasema kwamba katika zama za Malkia Victoria popo waliiiba London yote wakaishusha chini ya ardhi, kando ya bahari isiyoona jua. Wewe unaanza ukiwa mfungwa. Unatoroka, unaingia mjini huna kitu, unaanza kutafuta kazi na mahali pa kulala.

Jambo la kwanza lililotushangaza ni nafsi. Hadithi tulizozoea husema "yeye", au "mimi". Hii inasema "wewe". Wewe umesikia nyayo. Wewe unaweza kufungua barua au kuirudisha kwa mwenyewe. Jambo la pili ni hesabu. Mchezo unaandika balaa zinazokuandama kwa tarakimu: majeraha, jinamizi, kashfa, na kushukiwa. Kushukiwa kukizidi kiwango unarudishwa gerezani. Yeyote aliyesimama katika foleni ya wageni kiwanja cha ndege, pasi mkononi, anaijua hesabu hiyo. Hata kifo humo si mwisho: ukijeruhiwa mno unajikuta katika mashua inayokwenda polepole mtoni, unacheza sataranji na mwenye mashua, na ukibahatika unarudi.

Wa pili ni The Wanderer: Frankenstein's Creature, kazi ya Wafaransa iliyotoka 2019. Huo una maneno machache. Umechorwa kwa rangi za maji, na mwanzoni dunia ni nyeupe kama karatasi. Rangi zinajitokeza kadiri unavyotembea. Unayemtembeza ni kiumbe mwenyewe. Baada ya miaka 200 ya kumtazama kwa macho ya wanaomkimbia, mchezaji anapewa macho yake. Hajui jina lake, hajui alikotoka, hajui kwa nini watu wanapiga kelele.

Hapo ndipo tulipoelewa mchezo unafanya nini ambacho kitabu hakifanyi. Kitabuni, kiumbe anabisha hodi utake usitake. Wewe unageuza ukurasa tu. Katika mchezo, asiposogezwa na mkono wako hasogei. Kila tulipoona mtu mbele yetu, mkono ulisita. Tulijua historia, tulijua watu wale watamfanyaje, na bado tulitakiwa sisi wenyewe kumpeleka kwao. Mmoja wetu, mama aliyefanya kazi ya kutunza wazee kwa miaka mingi katika nchi hii, alikaa na mkono juu ya meza muda mrefu, kisha akasema, "Mwacheni kwanza apumzike." Vijana walimcheka, lakini hawakumharakisha.

Woga wa namna hiyo hauletwi na popo wala makaburi. Unaletwa na kuchagua. Wazee wetu walilijua hilo bila umeme. Msimuliaji aliposema "Paukwa" hakuendelea mpaka wenzake waitikie "Pakawa". Kitendawili hakikutegwa mpaka waliokaa wakubali kutegewa. Msikilizaji alikuwa na kazi, na asipoifanya hadithi ililala. Kilichokuja kwa kompyuta kimevaa nguo nyingine, lakini mwendo wake tunaufahamu.

Ukuta wa nyumbani kwetu

Sasa turudi kwenye mambo mawili tuliyoyaweka akilini: chumba kisichofunguliwa na ufa wa ukutani.

Tuliporejea sura ile ya De Lacey pamoja na vijana wetu, sisi wazazi tulijiona kwa kiumbe. Vijana walijiona kwa kiumbe pia, ila nyumba waliyoisikiliza ilikuwa yetu. Familia ya wahamiaji, lugha yao, huzuni zao, na upande wa pili wa ukuta mtu anayesikiliza maneno yasiyosemwa naye: hiyo ni picha ya nyumba nyingi za Waswahili ughaibuni. Tunasema na watoto kwa Kiingereza, ili shuleni wasibaki nyuma. Kisha tunapiga simu nyumbani na kupaza sauti kwa Kiswahili, na mtoto katika chumba cha pili anasikia. Anasikia kwamba mjomba amelazwa, shamba limeuzwa, fedha hazikufika. Anajifunza maneno ya ugonjwa, deni na msiba, kwa sababu ndiyo yanayosemwa kwa sauti kubwa. Ukimuuliza, anakielewa Kiswahili chote. Hakisemi, kwani hakuna aliyemgeukia akasema naye.

Na kuna chumba. Wapo miongoni mwetu walioondoka Zanzibar baada ya 1964. Wapo waliokimbia Burundi 1972, Barawa baada ya 1991, Congo baada ya 1996. Kila nyumba ina habari zake, na aghalabu wazee huzinyamazia kwa nia njema, wasije wakawatia watoto mzigo. Historia ya gothiki ina onyo juu ya nia njema hiyo. Mlango ukifungwa, mtoto haachi kujua kwamba kuna chumba. Anasikia vishindo tu, na vishindo bila maelezo ndiyo mizimu yenyewe.

Hatusemi kila jambo liambiwe mtoto wa miaka saba. Na mzazi ana haki ya kukagua anachokicheza mwanawe, kwani katika michezo hii ipo yenye damu na mambo yasiyowafaa wadogo, na umri ulioandikwa juu yake uheshimiwe. Tunasema kwamba vijana wetu wanapovutwa na hadithi za makasri na siri za ukoo, wasidhaniwe wamepotea. Huenda wanatafuta mahali pa kuuliza.

Sisi tulijipangia utaratibu mmoja, na tunaueleza kwa atakayependa kuujaribu. Mchezo wa maandishi kama Fallen London ukichezwa, kijana anasoma kwa Kiingereza kilichoko kwenye skrini, na mzee anakisimulia kwa Kiswahili kwa wote waliokaa, kisha wanashauriana la kuchagua kwa Kiswahili. Kazi inakwenda polepole, na kila mmoja anajifunza. Vijana wamepata maneno kama jinamizi, kashfa, gereza, sataranji, ambayo hayapatikani katika simu za kuulizia fedha. Wazee wamepata Kiingereza cha zama za Victoria, ambacho hatujui watakitumia wapi.

Katika mchezo ule wa pili lilizuka swali. Binti mmoja alimuuliza bibi yake zimwi lile tumwiteje kwa Kiswahili, maana jina halina. Bibi akafikiri, akasema, "Kiumbe." Binti akauliza kama neno hilo lina ubaya wowote. Bibi akamjibu kwamba halina. Kiumbe ni aliyeumbwa. Na wewe kiumbe, na mimi kiumbe. Kisha bila kuulizwa akaanza kumwambia habari za safari yake ya kutoka kwao, meli aliyopanda, na nani aliyebaki bandarini. Mchezo ulisimama pale pale ulipokuwa kwa saa moja na nusu, na hakuna aliyelalamika.

Basi, wapenzi wasomaji, jioni zikiwa ndefu, ukimkuta mwanao katika kasri la giza ndani ya kompyuta, vuta kiti. Mwulize amefika wapi, ni nani anayebisha hodi, na kwa nini hafunguliwi. Halafu zamu ikifika yako, simulia.